Siku za Kupima Huhesabiwa Kwanza

Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1996, saa tatu na nusu hivi, roketi mpya ya Ulaya iliwashwa huko Kourou, mji wa pwani katika Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Iliitwa Ariane 5, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza. Ilibeba setilaiti nne za utafiti zilizoitwa Cluster, zilizotakiwa kwenda kuchunguza namna upepo wa jua unavyokutana na usumaku wa dunia. Wahandisi wa nchi nyingi za Ulaya walikuwa wameihangaikia roketi hiyo kwa karibu miaka kumi.

Ikapaa. Nusu dakika ya kwanza haikuwa na dosari yoyote. Kisha, ikiwa kwenye kimo cha mita 3,700 hivi, ikapinda ghafla, ikakatikakatika na kulipuka. Hakuna mtu aliyekufa, lakini roketi na setilaiti zote nne ziliteketea mbele ya macho ya waliozitengeneza.

Wanangu, injini za roketi ile zilikuwa nzima. Hali ya hewa haikuwa na ubaya wowote. Kilichoiangusha ni namba moja ndani ya programu ya kompyuta, na nitawaeleza namba hiyo kwa sababu mtu yeyote anayetaka kujifunza kupima programu anapaswa kuifahamu.

Ndani ya Ariane 5 mlikuwa na vifaa viwili vya kupima mwelekeo na mwendo. Vilifanana kwa kila kitu: kimoja kilifanya kazi, cha pili kilikaa tayari kwa dharura. Programu iliyoviendesha ilichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi iliyotangulia, ambayo ilikuwa imeruka mara nyingi na kufanikiwa. Programu hiyo ilichukua namba iliyotokana na kasi ya mlalo, yaani kasi ya kwenda mbele na siyo juu. Namba yenyewe ilikuwa imehifadhiwa kwa biti 64, yaani nafasi 64 za sifuri au moja, na programu ilikuwa ikiihamishia kwenye nafasi ya biti 16. Nafasi ya aina ile haipokei namba inayozidi 32,767. Katika Ariane 4 hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa namba haikuwahi kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na nguvu zaidi na ilipita njia nyingine angani. Kasi yake ya mlalo ilipanda upesi mara tano kuliko ya roketi iliyotangulia. Namba ikavuka 32,767. Programu ikashindwa kuiweka, kifaa kikajizima.

Basi si kulikuwa na kifaa cha pili? Kulikuwa nacho, na kilikuwa kimeshajizima chembe ya sekunde kabla ya mwenzake. Kilibeba programu ile ile, kwa hiyo kiliugua ugonjwa ule ule. Kifaa kilichokuwa kazini kilipojizima kikatuma ujumbe wa kueleza hitilafu yake. Kompyuta kuu ya roketi ikausoma ujumbe huo ikidhani ni taarifa za safari. Ikaamini kwamba roketi imepotoka vibaya sana, ikageuza midomo ya injini kwa kadiri ilivyoweza kugeuka ili kurekebisha upotovu ambao haukuwepo. Roketi yenye mwendo ule haiwezi kuhimili mgeuko kama huo.

Kuna jambo linaloumiza zaidi. Sehemu ya programu iliyozaa namba hiyo haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Iliachwa iendelee kufanya kazi kwa sekunde 40 hivi za kwanza angani kwa sababu Ariane 4 ilikuwa ikifanya hivyo.

Kamati ya uchunguzi, chini ya mwanahisabati Mfaransa Jacques-Louis Lions, ilitoa ripoti yake Julai mwaka ule ule. Humo mna habari ambayo mimi naiona ni nzito kuliko ile ya namba. Kabla ya safari, wahandisi waliigiza mruko wa roketi kwenye maabara, kompyuta zikidanganywa kwamba ziko angani. Lakini vile vifaa viwili vya mwelekeo havikuwekwa kwenye maigizo hayo. Mahali pake iliwekwa programu ya kuviigiza. Hoja ilikuwa kwamba vifaa vilikwisha kuthibitishwa kwenye Ariane 4, na kuviingiza kungeleta ugumu na gharama. Baada ya ajali, wachunguzi wakaichukua programu ya vifaa hivyo, wakaipa takwimu za mruko wa Ariane 5. Ikashindwa kama ilivyoshindwa angani, hatua kwa hatua. Kwa hiyo jaribio ambalo lingeiokoa roketi lilikuwa linawezekana hapa hapa ardhini. Halikufanywa.

Mbona watu wenye akili nyingi kiasi kile huruka jaribio? Mara nyingi ni kwa sababu kupima hupewa muda uliobaki. Watu hupanga siku za kubuni, wakapanga siku za kuandika msimbo, yaani zile amri ambazo kompyuta huzifuata, kisha wakasema: tutapima mwishoni. Huo mwishoni ndio unaoliwa na kila ucheleweshaji uliotangulia.

Mtu aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote ninaowajua ni Fred Brooks wa Marekani. Katika miaka ya 1960 alisimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM zilizoitwa System/360. Ilikuwa kazi kubwa mno, na ilichelewa. Mwaka 1975 akatoa kitabu, The Mythical Man-Month, akaandika humo kipimo alichokuwa akikitumia kugawa muda wa mradi. Theluthi moja ni ya kupanga. Sehemu moja ya sita ni ya kuandika msimbo. Robo ni ya kupima vipande kimoja kimoja na kuanza kuviunganisha. Robo nyingine ni ya kupima mfumo wote ukiwa umekamilika.

Jumlisheni robo hizo mbili. Nusu nzima ya mradi ni kupima, na kuandika msimbo, kazi ambayo watu wengi huidhania ndiyo yote, ni sehemu moja tu ya sita. Brooks alipoangalia miradi aliyoijua, aliona kwamba michache ndiyo iliyotenga nusu ya muda kwa ajili ya kupima, lakini mingi iliishia kutumia nusu. Kutotenga muda hakukuupunguza hata kidogo. Kuliuficha tu ucheleweshaji hadi siku za mwisho, wakati mteja ameshaahidiwa tarehe na fedha zimeshatumika. Na ukifika hapo usidhani utaokolewa kwa kuajiri watu wapya. Brooks huyo huyo ndiye aliyesema kwamba mradi wa programu uliochelewa, ukiuongezea watu, huchelewa zaidi, kwa kuwa wageni lazima wafundishwe kazi na wenyeji, na wenyeji hao ndio hao hao waliokuwa wakiifanya.

Nusu ya Brooks ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini bosi akikuuliza utamaliza kupima lini, usimjibu kwa sehemu ya kitabu. Fundi cherehani hakutajii siku ya kuchukua nguo kabla hajajua ni magauni mangapi na yana mishono gani. Na wewe hesabu kwanza una majaribio mangapi.

Tuhesabu pamoja, kwa programu ndogo. Mwalimu wa taaluma anaingiza alama ya mwanafunzi, programu inampa daraja. Tutumie madaraja ya kidato cha nne Tanzania: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Je, mnahitaji majaribio mangapi ili muiamini programu hii?

Mmoja wenu atasema matano, moja kwa kila daraja. Mwingine atasema 101, kila alama kuanzia 0 hadi 100, ili asiache kitu. Huyu wa pili ana moyo wa mpimaji, na kwa programu hii angeweza kabisa. Lakini mbinu yake haitamfikisha mbali. Chukua programu inayopokea namba mbili tu, kila moja ya biti 32. Jozi zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 20. Kompyuta inayojaribu jozi bilioni moja kila sekunde, bila kulala, ingemaliza baada ya miaka 584. Ndiyo maana Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, alisisitiza kwamba majaribio yanaweza kuonyesha hitilafu ipo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa haipo. Mpimaji hawezi kujaribu vyote. Kazi yake ni kuchagua.

Na huchagua mipakani. Mwandishi wa programu anapotaka kuandika "75 au zaidi", ni rahisi sana vidole vyake viandike "zaidi ya 75". Programu hiyo ukiijaribu kwa 80 itakupa A, ukiijaribu kwa 92 itakupa A, nawe utakwenda nyumbani ukiwa umeridhika. Mwanafunzi aliyepata 75 kamili ndiye atakayenyimwa daraja lake. Kwa hiyo andika namba zinazokaa kwenye mipaka: 0 na 29, 30 na 44, 45 na 64, 65 na 74, 75 na 100. Hizo ni kumi. Ongeza zilizo nje kidogo ya mipaka, 101 na ile ya chini ya sifuri, hasi 1. Zimekuwa 12. Sasa fikiria mwalimu aliyechoka usiku: ameacha nafasi wazi, ameandika herufi badala ya tarakimu, ameingiza 74.5, au mwanafunzi hakufanya mtihani kabisa, jambo ambalo ni tofauti mno na kupata sifuri. Tumefika 16.

Simameni kidogo kwenye 74.5. Ni B au ni A? Madaraja tuliyopewa hayasemi. B inaishia 74 na A inaanzia 75. Katikati hapana mwenyewe. Mwandishi wa programu akiamua peke yake, huenda akaamua vibaya, na hakuna atakayejua hadi siku mzazi atakapokuja kulalamika. Kwa hiyo jaribio hilo limekamata kosa kabla hata mstari mmoja wa msimbo haujaandikwa, kosa lililokuwa kwenye maelezo ya kazi. Nendeni mkamuulize mwalimu. Hii ni faida ya kuhesabu majaribio mapema ambayo watu wengi hawaitaji, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote.

Na ile 32,767? Ni mpaka kama hii mingine. Mpimaji aliyezoea kazi hii, akiambiwa namba inahamishiwa kwenye nafasi ya biti 16, ataandika 32,767 na 32,768 kwenye orodha yake bila kuombwa.

Haya, tuna majaribio 16. Tuseme kila moja kwa mkono linachukua dakika 5: kuandaa, kuingiza, kusoma jibu, kulilinganisha na jibu linalotarajiwa, kuandika. Hizo ni dakika 80. Lakini hakuna programu inayopimwa mara moja. Ukipata kosa unaliandikia maelezo ili mwenzako aweze kuliona kwa macho yake: niliingiza nini, nilipata nini, nilitarajia nini. Anarekebisha. Unapima tena kosa lile, na unapima tena yale mengine yote, kwa kuwa marekebisho ya mahali pamoja huharibu mahali pengine mara nyingi kuliko mnavyodhani. Tukadirie mizunguko 10. Dakika 80 zimekuwa 800, saa 13 na dakika 20. Na kama programu itatumika kwenye simu za aina tatu, na kila moja unataka kuipima, ni saa 40.

Saa 40, kwa programu ambayo mwandishi aliimaliza mchana mmoja. Msishangae. Afadhali zikuume leo kwenye karatasi kuliko mwezi ujao kwa mteja.

Sasa je, umwambie bosi siku tano, kwa kuwa saa 40 ni siku tano za saa nane? Siku tano ni pale ambapo umeme haukukatika, simu zote tatu zipo mezani, na kila kosa linarekebishwa siku hiyo hiyo. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani, likiwa kwenye mradi mkubwa wa makombora ya Polaris, lilianza kutumia njia ya kukadiria inayouliza maswali matatu badala ya moja. Mambo yakinyooka, siku ngapi? Yakienda kama kawaida yake, ngapi? Yakiharibika, ngapi? Jibu la katikati linazidishwa kwa 4, yanajumlishwa yote, kisha unagawanya kwa 6. Tuseme majibu yetu ni 5, 7 na 15. Saba mara nne ni 28. Ongeza 5 na 15, unapata 48. Gawanya kwa 6, ni siku 8.

Lakini usimpe bosi ile 8 peke yake. Mpe na 15, na umweleze ni jambo gani litakalokufikisha huko, mathalani simu ya aina ya tatu kutopatikana. Akiijua sababu anaweza kuiondoa leo, kwa kununua au kuazima simu. Akipewa namba tupu atakachoweza ni kukubembeleza uipunguze tu, na namba iliyopunguzwa kwa kubembelezwa haimtengenezi mtu yeyote programu salama. Kisha kila jioni angalia umepima mangapi kati ya uliyoyahesabu. Kama siku ya pili umemaliza matatu, sema siku ya pili.

Hadi hapa tumepima kwa mikono. Sasa tulete mashine.

Jaribio linaloendeshwa na mashine ni programu ndogo inayoipima programu nyingine. Ina mambo matatu: inaandaa, inatenda, inalinganisha. Weka alama 75. Omba daraja. Jibu liwe A. Likiwa A, skrini inaonyesha kijani. Likiwa jingine, nyekundu. Mwaka 1997 Kent Beck wa Marekani na Erich Gamma wa Uswisi walikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Wakaitumia safari hiyo ndefu kuandika pamoja chombo kidogo cha kuendesha majaribio ya aina hii katika lugha ya Java. Kikaitwa JUnit. Kikaenea duniani kote, na lugha nyingi za kompyuta leo zina chombo kilichofuata nyayo zake. Majaribio yetu 16 chini ya chombo kama hicho huisha kabla hujakohoa.

Hata hivyo mashine nayo ina gharama zake, na hapa nawaomba mshike kalamu tena. Kuandika jaribio moja vizuri tuseme kunachukua nusu saa. Kumi na sita ni dakika 480. Tena programu inapobadilika, majaribio nayo hurekebishwa. Tuweke dakika 20 kwa kila mzunguko. Mzunguko wa mkono ulikuwa dakika 80, kwa hiyo kila mzunguko mashine inakuokolea 60. Gawanya 480 kwa 60: ni mzunguko wa nane ndipo gharama yako inarudi. Kama programu ni ya sherehe moja ya shule na itapimwa mara tatu, pima kwa mkono na ukalale. Kama ni ya matokeo ya kila muhula kwa miaka mingi, na itarekebishwa mara mia, kuiacha bila majaribio ya mashine ni kuwaonea watakaokuja baada yako. Nimewaona watu wakiandikia mashine kila kitu kwa sababu inapendeza, na wengine wakikataa kabisa kwa sababu wana haraka. Wote wawili wangesaidiwa na hesabu hii ya dakika mbili.

Tena mashine inatulazimisha kufikiri jaribio likae wapi. Mliona tulivyozidisha kwa simu tatu. Lakini kama daraja linakokotolewa mahali pamoja, kwenye seva, basi alama 75 haitabadilika kwa kubadilisha simu. Kinachobadilika ni skrini. Kwa hiyo majaribio 16 ya hesabu yaende kwa mashine, mara moja tu kwa kila mzunguko, na kwenye kila simu yabaki machache: je, kitufe kinabonyezeka, jibu linasomeka, maneno hayakatwi ukingoni? Saa 40 zinapungua sana, na hakuna ulichokiacha. Mike Cohn, katika kitabu chake cha mwaka 2009, aliuchora mpangilio huu kwa umbo la piramidi: chini majaribio mengi ya vipande vidogo, katikati ya wastani, juu machache yanayopita mfumo mzima. Ya juu nayo yana mashine zake. Selenium, iliyoanzishwa na Jason Huggins huko Chicago mwaka 2004, hufungua kurasa za intaneti na kubonyeza vitufe yenyewe. Lakini hayo ni ya polepole, na mtu akihamisha kitufe tu yanavunjika, kwa hiyo yawe machache.

Yawe machache, lakini yasikosekane. Vifaa vya mwelekeo vya Ariane 5, kila kimoja peke yake, vilikuwa vimefaulu vipimo vyake. Kilichokosekana kilikuwa juu kabisa ya piramidi: vifaa halisi, ndani ya roketi ile mpya, kwenye njia ile mpya.

Niwaonye juu ya kijani. Rangi ile huliwaza moyo, na jaribio lisilopima chochote nalo ni la kijani siku zote. Nimesoma majaribio yaliyoomba daraja la alama 75 kisha hayakulilinganisha na kitu. Dawa ni moja: ukimaliza kuandika jaribio, iharibu programu kwa makusudi. Badilisha 75 iwe 76, endesha. Jaribio lisipokuwa jekundu, halina faida. Na lile ambalo leo ni kijani na kesho jekundu bila mtu kugusa kitu, lirekebishe siku hiyo hiyo au uliondoe, kwa maana litawazoesha wenzako kuidharau nyekundu, na siku ya nyekundu ya kweli hawatanyanyua macho.

Tena mashine hulinganisha kile tu ulichoiambia ilinganishe. Oktoba 2005, M-Pesa ilianza kujaribiwa nchini Kenya kwa kundi dogo la watumiaji. Shabaha ya wakati huo ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Waliokuwa wakiwaangalia watumiaji wakaona wanafanya mambo mengine: wanatumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikowekwa mbele. Jaribio la mashine lisingeweza kuliona hilo hata lingeendeshwa mara milioni. Lingesema kijani, deni limelipwa, basi. Ndiyo sababu napenda mashine ibebe yale ya kurudiarudia: ili mpimaji apate saa za kukaa kando ya bibi anayeshika simu kwa mara ya kwanza, amtazame anakwama wapi.

Nawaachia kazi ya kufanya leo. Mwaka 1979 Glenford Myers alichapisha kitabu cha upimaji wa programu, na akakifungua kwa zoezi hili. Programu inapokea namba tatu kamili, ambazo ni urefu wa pande za pembetatu. Inajibu moja kati ya haya: pande zote tatu ni sawa, pande mbili ni sawa, au zote ni tofauti. Andika majaribio yote ambayo ungeyafanya. Myers aliweka maswali 14 ya kujisahihishia, na akaandika kwamba waandishi wa programu wenye ujuzi mkubwa walipata kwa wastani 7.8. Swali lake la mwisho linauliza kama kila jaribio umeliandikia jibu unalolitarajia. Chukueni karatasi, orodhesheni yenu, mkadirie yatachukua dakika ngapi, kisha mbadilishane na rafiki. Na msiache kujaribu pande 1, 2 na 3: zichoreni kwa rula mwone kinachotokea.